Kadi Iliyosema Mkwe Abaki

Vijana wangu mnaotoa nyota kwenye simu, nawaona. Filamu haijafika nusu mmeshabonyeza nyota nne, na wengine mnaongeza ya tano kwa sababu mwigizaji ana nywele nzuri. Siwagombezi. Na mimi niliishi kwa kazi hiyo hiyo miaka mingi, hapa hapa Babati, ila sikuwa na nyota. Nilikuwa na vipande vya boksi, kalamu ya wino wa bluu, na mkwe.

Huyo mkwe aliingiaje, nitawaeleza. Kwanza niwaambie nilivyoajiriwa, maana niliajiriwa kwa kulalamika.

Mkoa ulikuwa mpya kabisa. Babati imeshakuwa makao makuu, wafanyakazi wa ofisi wanashuka kwenye mabasi na magodoro yao, hawana ndugu hapa mjini na hawajui pa kwenda Jumapili. Mzee Swalehe, aliyekuwa na duka la redio na betri jirani na stendi, akaweka rafu mbili za kanda za video za kuazimisha. Mimi nilikuwa fundi cherehani mlango wa tatu kutoka kwake. Siku moja nikaazima kanda, na kesho yake nikairudisha nimefura. Nikasimama pale kaunta nikamweleza kwamba yule mwanamke amelia kanda nzima bila kuuliza swali moja ambalo lingemaliza kila kitu, kwamba mwizi alijulikana tangu anafunga kamba za viatu, na kwamba aliyejitahidi kuigiza ni mbwa peke yake. Nilisema kama nusu saa. Nilipogeuka nikakuta duka limejaa watu wanacheka. Wawili waliokuwa wanaisubiri ile kanda walighairi, na wa tatu akaichukua kwa ajili ya mbwa.

Mzee Swalehe mwenyewe hakuwa mtu wa filamu. Alisema zinamletea usingizi. Lakini biashara aliiona hata akiwa amefumba macho. Akaniambia, "Mama Anna, kesho njoo ulalamike tena. Safari hii nitakulipa."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Kila kanda ikija mpya naiangalia mimi kwanza, mchana, kwenye chumba cha nyuma ya duka kilichojaa maboksi ya betri. Nikimaliza naandika kadi, naifunga kwenye kasha kwa uzi wa cherehani. Hakuna kanda iliyotoka dukani bila kadi yangu.

Mwanzoni niliharibu sana. Kadi ya kwanza kabisa niliandika, "Nzuri, ila aliyeua ni daktari." Niliona nawasaidia watu. Mji mzima ukaisoma. Cha ajabu kanda ile ilitoka kuliko zote, kwa sababu watu walikuwa wanakaa sebuleni wanamtukana daktari tangu anaingia na mkoba wake, anampima mtoto homa wanamtukana, anakunywa chai wanamtukana. Mzee Swalehe akaniita akanipa somo ambalo sijalipata kwa mwingine. Alisema niandike kama namwambia mtu ambaye kesho nitakutana naye sokoni. Nisimwonee, nisimdanganye, na nisimlie utamu wake.

Mengine nilijifunza kwa mikono. Filamu iangalie mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa. Ukielewa nani anampenda nani na nani anamwogopa nani, hiyo ni filamu. Usipoelewa kitu, basi ulikuwa unadanganywa na muziki. Deki ikianza kutoa theluji kwenye kioo, usiipige makofi, safisha hedi, kile kichwa cha ndani kinachosoma kanda, kwa kitambaa cha pamba na spiriti kidogo, taratibu kama unafuta jicho la mtoto. Na kanda ukiipokea kutoka kwa mteja, iangalie imeachwa wapi kabla hujairudisha mwanzo. Mahali mtu alipoizima kanda yake pana habari nyingi kuliko maneno yake. Nilikuwa na karani mmoja, mpole, anasema filamu zote nzuri, ahsante Mama Anna. Kanda zake zote zilikuwa zimeishia robo. Nikamwambia aache uungwana, anipe sababu. Kumbe maskini alikuwa anaogopa farasi, na kila akiona farasi anazima. Kuanzia hapo kadi zangu zikawa na mstari wa farasi.

Sasa mkwe.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, alikuja dukani mama mmoja wa Singe, hapo nje kidogo ya mji, kanda ameishika kwa ncha za vidole. Alikuwa amekaa sebuleni na baba mkwe wake, wanaangalia filamu ambayo kadi yangu ilisema ni ya mambo ya shamba na urithi. Na kweli ilikuwa ya shamba na urithi. Ila katikati, bila taarifa, warithi wawili wakaanza kubusiana. Yule mama hakujua aangalie wapi. Mkwe wake hakujua aangalie wapi. Rimoti ilikuwa mapajani kwa mkwe, na nani angeenda kuichukua huko? Wakakaa hivyo, kila mmoja anahesabu mbao za dari, mpaka warithi wakatosheka.

Mnacheka. Nyie mna simu, kila mtu na kioo chake. Sisi nyumba ilikuwa na kioo kimoja, na mbele ya kioo hicho wamekaa bibi, mjomba, watoto wa jirani na mkwe. Mkwe haangalii vitu vile na wewe. Hata kikohozi mbele yake unakitoa kwa adabu.

Kwa hiyo nikaweka alama zangu, tatu tu. "Mkwe abaki" maana yake kaeni wote, mnywe chai kwa amani. "Mkwe asialikwe" inajieleza. Ya katikati ndiyo iliyonipa jina. Kama filamu ni nzuri ila ina dakika mbili za matatizo, niliandika dakika yenyewe, kwa mfano, "Dakika ya arobaini, mkwe akaone mahindi." Mwenye nyumba anaisoma, anaangalia saa ya ukutani, na muda ukikaribia anainuka na kusema kwa heshima, "Baba, karibu nje mara moja uone mahindi yetu." Mzee anatoka, anaona mahindi, anasifu, anarudi, na waliokuwa wanabusiana wameshaenda zao.

Wasio na mahindi walionyesha kuku. Mwalimu mmoja aliyepanga chumba kimoja hapo mjini alimtoa mkwe wake akamwonyesha bomba la maji.

Alama hizi zilienea Singe, zikafika Sigino, zikapanda mpaka vijiji vya juu. Watu hawakuuliza tena filamu ni nzuri au mbaya. Waliuliza, mkwe je? Nilikuwa natembea sokoni nanyooshewa kidole, na kichwa changu kilikuwa kikubwa hakiingii mlangoni. Nakiri. Na kichwa kikiwa kikubwa hivyo ndipo mtu anapokosea.

Kanda zilikuwa zinaondoka, sahani za CD zinaingia. Tamthilia zikaanza kuja kwenye makasha, sahani nane kwa mara moja, na mtu mmoja tu wa kuziangalia. Ikaja moja ya mume aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha na mke aliyebaki na mama mkwe mkali. Nilikaa nayo siku nne. Sahani saba za kwanza hazikuwa na doa. Watu wanapika, wanaandikiana barua, wanasameheana. Ya nane ikagoma. Nikaipaka dawa ya meno, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje kama inavyotakiwa, ikagoma. Wateja wamesimama kaunta. Nami nikajiambia, Mama Anna, wewe umeangalia mamia ya mambo haya, mwisho wake hukujui? Mume atarudi, mama mkwe atalia, kwaya itaimba. Nikachukua kalamu, nikaandika, "Mkwe abaki, mwanzo hadi mwisho."

Aliyeichukua ni Mama Joeli wa Singe. Mama Joeli alikuwa na mgeni Jumamosi ile, na siyo mgeni wa kawaida. Mwanawe Joeli alikuwa amemchumbia Paulina, binti wa Mzee Tluway wa Sigino. Mahari ilikuwa imeelewana, na sasa mzee alikuja na binti yake kupaona kwa akina Joeli kabla ya kusema neno la mwisho. Wakala, wakanywa, wakawasha tamthilia tangu asubuhi. Deki ya Mama Joeli ilikuwa mpya kuliko ya dukani, ikaisoma ile sahani ya nane bila hata kukohoa.

Mume alirudi, nilipatia hapo. Ila hapakuwa na kwaya. Alimsalimia mke wake kwa namna ambayo sisi Babati hatusalimiani, na salamu yenyewe ilikuwa ndefu. Mama Joeli akaangalia sakafu. Joeli akaangalia sakafu. Paulina alijifunika uso kwa khanga. Mzee Tluway alikaa mpaka mwisho, kisha akachukua kofia na fimbo, akaaga kwa adabu zote, akaondoka na binti yake. Jumatatu akatuma neno kwamba mambo ya ndoa yasubiri kwanza.

Kesho yake Mama Joeli alikuja dukani asubuhi na mapema. Akaweka kadi kaunta.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Ni wangu, Mama Joeli."

"Basi Joeli utaolewa naye wewe."

Duka zima liliangua kicheko, isipokuwa watu watatu. Mama Joeli hakucheka, mimi sikucheka, na Mzee Swalehe hakucheka. Aliponiita nyuma nikamwambia ukweli, kwamba sahani ya nane sikuiangalia. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu kwamba kijana wa watu atakosa mke kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu, na kwamba yeye hana la kufanya ila kuniazima baiskeli. Niende Sigino.

Nilikanyaga pedali njia nzima nikipanga maneno ya kuombea radhi. Niliona aibu kama mtoto aliyekojoa darasani. Nilimkuta Mzee Tluway shambani kwake, anapalilia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaegemea jembe. Nikaanza. Nilisema picha ile haikustahili kuonwa na mtu wa heshima yake, na kwamba watu wa Singe hawana kosa.

Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Picha siyo shida, mama. Mimi nina watoto tisa, unadhani niliwaokota?"



"Mimi nimekaa kwenye viti vya watu wengi," akaendelea. "Nina wakwe Singe, ninao mjini, ninao huku. Kila nyumba, muziki ukishabadilika, mtu ananyanyuka ananiambia, Baba, karibu uone mahindi. Mimi najua kinachokuja. Lakini nanyanyuka, naenda, nayaona. Hiyo ni heshima yangu. Sasa kwa Mama Joeli muziki ukabadilika. Nikasubiri. Nikashika na fimbo kabisa, nimejiandaa. Hakuna aliyeniita. Nikajiuliza, hawa wanamchukua Paulina wangu, na hata kuniita nikaone mahindi hawajui?"

Vijana wangu, nilishikwa na kicheko na kilio kwa pamoja, nikakosa cha kutoa kwanza. Nikamweleza kila kitu, kadi, dakika, sahani ya nane. Nikamwambia Mama Joeli angemwita, tena angemwita mapema, kama mimi ningefanya kazi yangu. Alinisikiliza amekunja uso. Halafu uso ukaanza kukunjuka polepole.

"Kwa hiyo hizo kadi unaandika wewe."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo mahindi yote yale niliyoyaona, miaka yote hii, ni wewe."

"Ni mimi, Baba."

Aliangalia shamba lake, kama anayehesabu mahindi yake pamoja na yale ya watu. Kisha akatoa sharti lake. Hakutaka faini wala mbuzi. Alitaka kuona vipande vyote alivyotolewa nje. Siyo filamu nzima, hizo alishaziona. Vipande tu. Akishaviona ndipo atajua kama walikuwa wanamheshimu au wanampotezea muda.

Nilirudi mbio. Mzee Swalehe aliposikia alikaa juu ya boksi la betri akafuta machozi ya kucheka, kisha akasema ufunguo wa chumba cha nyuma ninao, yeye hajui lolote. Nikavuta daftari langu la dakika. Nikachagua kanda tisa, kila moja nikaisogeza mpaka pale pale mahindi yanapoanza, nikazipanga kwa zamu. Alhamisi saa nne asubuhi Mzee Tluway akaingia, na hakuja peke yake. Alikuwa na wazee wanne wa rika lake, wote wakwe za watu, wote wamevaa makoti ya kanisani.

Tatizo likawa mimi. Siwezi kukaa na wazee wale kwenye chumba kile. Nikawaonyesha pa kuingiza kanda na kitufe cha kubonyeza, kisha Mzee Tluway akanigeukia kwa upole mkubwa.

"Mama Anna, karibu nje kidogo uone mabasi."

Nikatoka nikaona mabasi. Nilisimama pale nje ya duka nikisikiliza kupitia ukutani. Kwanza kimya. Kisha ubishi wa vitufe. Wakabonyeza cha kurudisha nyuma, nikasikia mmoja anawaeleza wenzake kwamba hawa sasa wanaachana, tena kwa haraka, na mwingine anasema afadhali. Kisha kimya tena, kanda ya nne, ya tano. Kufika ya sita mmoja aliuliza kama hii siyo ile ya kwanza. Wakabishana. Ya saba hawakuimaliza.

Walitoka mmoja mmoja, wanafunga vifungo vya makoti. Mzee Tluway alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, akaniangalia kwa masikitiko ya kweli.

"Ndizo hizi tu?"

"Ndizo hizo, Baba."

"Nilidhani kuna kitu," akasema. Akavaa kofia yake. "Mahindi yalikuwa bora. Mwambie Mama Joeli nakuja Jumamosi kuona ya kwake."

Baiskeli sikuikumbuka. Nilikwenda Singe kwa miguu, nusu ya njia nakimbia, mwanamke mzima na sketi yangu, nikampa Mama Joeli ujumbe neno kwa neno. Akaelewa papo hapo. Alinishika mabega tukarukaruka uani mpaka kuku wakakimbia. Nilijisikia nimezaliwa upya, na siku ile ile niliiosha tena sahani ya nane, nikaipeleka kwenye deki ya Mama Joeli, nikaiangalia mpaka majina ya mwisho ya fundi taa.

Tangu hapo hadi naacha kazi sikuandika kadi kabla sijaona mwisho. Hata zilipokuja sahani zenye filamu ishirini ndani ya moja, hata alipokuja yule mwenye kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za watu mpaka waliokufa wanaendelea kuongea, nilikaa mpaka mwisho.

Joeli na Paulina walifunga ndoa baada ya mavuno. Harusi ikapigwa video, na kanda ilipotoka wakaniletea, wanataka kadi kama filamu nyingine zote. Niliiangalia yote, mara mbili, na ya kwanza bila sauti. Hakuna aliyembusu mtu isipokuwa shangazi mmoja aliyekumbatia keki. Nikaandika bila wasiwasi wowote, "Mkwe abaki, mwanzo hadi mwisho."

Tukaiangalia Singe, sebuleni kwa Mama Joeli, Mzee Tluway kakaa kiti cha mbele, fimbo mapajani. Alicheka na sisi. Aliwasema wapiga ngoma. Kisha ikafika pale anapomshika Paulina mkono na kumkabidhi kwa akina Joeli. Kwenye kioo kidogo cha dukani, kelele za stendi zikimeza sauti, nilikuwa nimeona mzee anainamisha kichwa, nikadhani ni jua. Pale sebuleni, kioo kikubwa, sauti imefunguliwa, tukamsikia. Alikuwa analia.

Mzee Tluway akainuka. Hakuna aliyemwita. Alichukua kofia yake, akasafisha koo.

"Ngoja nikaone mahindi," akasema.

Akatoka nje. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, shamba tupu mpaka barabarani. Tulimwona kupitia dirishani amesimama katikati yake, anaangalia huku na huku, anatikisa kichwa kama anayesifu. Paulina alinyanyuka, akapunguza sauti ya kanda, akamfuata, na tukawaona wamesimama pamoja wakiangalia mahindi yasiyokuwepo.

Nikaomba kalamu. Nilichukua kadi yangu mle mle sebuleni, nikafuta mstari niliouandika, nikaangalia saa ya ukutani, nikaandika dakika.